Fundi wa Mizani

Kazi yangu ni kuzipima zinazopima.
Mjini Debrecen, tangu ningali na nywele,
nabeba vyuma vya kilo ishirini kwenye buti la gari,
naenda posta, sokoni, buchani, kliniki,
navipanga juu ya sahani, nasoma, nabandika muhuri:
hii haitasema uongo hadi mwakani.

Nyumbani sikupima kitu.
Mezani, jioni ileile, kwa mdomo uleule,
nilimwambia binti yangu Boróka, "Kula tu,"
na dada yangu Piroska, "Acha tu."
Tu! Kineno cha herufi mbili.
Nilidhani kijiko ni kijiko.

Piroska anauza kabichi ya siki soko la chini.
Alikwenda kwa daktari na sikio linalouma;
daktari akatazama tumbo, akaandika: apunguze.
Sikio likaendelea kuuma mpaka Pasaka.
Wateja wakimtania, yeye hucheka kwanza, kabla yao,
kama mtu anayelipa deni mapema.
Usiku ndipo hula. Amesimama, taa imezimwa,
mkate na mafuta ya bata bukini.
Si njaa, alinieleza baadaye, njaa ningeijua, kaka.
Ni kama kuziba dirisha upepo ukivuma.

Boróka naye alikuwa na daftari.
Nililikuta chini ya godoro, nikitarajia jina la mvulana.

    Njaa, dada, usilale, kesha nami ni hodari,
    mkate wao usile, mapenzi yao hatari,
    mfupa huu na ule, nauhesabu kwa ari,
    nipae niende mbele, mwepesi kama hariri.

Vina vimetimia. Mizani haikupungua hata moja.
Nikaketi kitandani pake, mimi fundi, nikaogopa,
maana sauti ile, yenye nidhamu hivyo, haikuwa ya mwanangu.
Shairi lake la darasa la pili
lilimhusu kalunguyeye aliyepoteza soksi,
na halikuwa na urari wowote.

Wodini wanampima akiwa ameipa namba mgongo.
Mizani yao niliikagua mwenyewe mwezi Machi. Iko sawa.
Iko sawa, na haijui chochote.

Jumapili moja ya Juni Piroska alikuja na supu baridi ya cheri.
Tramu mbili, kisha ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu.
Alifika akihema. Kiti cha wageni kilikuwa na mikono ya chuma;
alikiangalia, nasi tukakiangalia kikimkataa.
Safari hii hakucheka.
Boróka akasogea. Taratibu, akiuvuta mpira wa dripu,
akamwachia nusu ya kitanda,
na godoro likainama upande wa shangazi
hata mtoto akateleza kidogo, akamwegemea.

"Nami nakiogopa," Piroska akasema.
"Nini?"
"Kijiko."

Boróka alimtazama kwa muda mrefu
kama mtu aliyesikia lugha ya kwao katika stesheni ya ugenini.
Wakaanza kunong'ona. Nilisikia "usiku", nikasikia "aibu",
nikasikia "baba yako",
nikatoka kusimama koridoni, kando ya mashine ya kahawa
iliyokula sarafu zangu na isinipe kitu.

Niliporudi, vijiko viwili vilikuwa vyekundu.
Bakuli lilikuwa na cheri kadhaa bado, zikielea.
Sijui nani alikula nini.
Nilitaka kuuliza ni kiasi gani;
ulimi ulikwisha kufika kwenye "ki".
Nikauliza kama pale dirishani wanaliona tundu la korongo
juu ya bomba la moshi, na kama wameshatotoa.

"Watatu," Boróka akasema. "Mmoja mkorofi."
"Keti basi," Piroska akasema.
Pa kuketi palikuwa kile kiti tu.
Nikakikalia. Chuma kilinibana mbavu, huku na huku,
nami sikujisogeza.